Je, wajua? Chungwa ulilorusha ndani ya treni lina nishati mbili tofauti na zote ni sahihi

Uko kwenye SGR ya Dar kwenda Dodoma, treni inatembea mita 40 kwa sekunde (kama kilomita 144 kwa saa, na yenyewe inafika mpaka 160), unamrushia mwenzako aliyekaa siti za mbele chungwa la gramu 200 kwa spidi ya mita 10 kwa sekunde. Piga ile hesabu ya shule ya nishati mwendo (nishati ya kitu kinachotembea), nusu ya masi mara spidi mara spidi, unapata jouli 10, basi.

Sasa kuna mtu kasimama nje pembeni ya reli. Kwake yeye, kabla hujarusha chungwa lilikuwa tayari linaenda mita 40 kwa sekunde, hizo ni jouli 160, umelirusha linaenda 50, jouli 250. Zimeongezeka 90! Mkono wako umetoa 10 tu, hizo 80 zimetoka wapi?

Hapa ndo wengi wanakwama wanadhani lazima mmoja kakosea. Hakuna aliyekosea, angalia miguu yako. Ukirusha kitu mbele mwili unarudi nyuma, unakaza miguu, sakafu inakusukuma mbele. Kwa wewe uliye ndani sakafu imetulia, haifanyi kazi yoyote, ila kwa yule wa nje sakafu inakusukuma huku inasafiri, na kani mara umbali ndo kazi yenyewe. Chungwa limepata momenta (masi mara spidi) ya 0.2 mara 10, yaani 2, zidisha kwa spidi ya treni, 40, unapata 80 kamili, treni ndo imezitoa! Mimi hii hesabu naipenda sana jamani.

Kumbe nishati mwendo haijakaa ndani ya chungwa kama juisi, inategemea unalipima ukiwa wapi. Sharti ni treni iende kwa spidi ileile bila kupinda, kama ile meli ya mfano aliyoieleza mwanasayansi Galileo mwaka 1632, ambayo ukiwa chumbani huwezi kujua inaenda au imesimama. Ikishika breki tu, chupa ya maji inaserereka yenyewe hakuna aliyeigusa, na hesabu zako za ndani zinavurugika.

Na mwenzako akilidaka je? Wa nje anaona limetoka 250 likarudi 160, zimepotea 90, ila 80 zinarudi kwenye treni kupitia mwili wa mdakaji, zinabaki 10 zilezile kwenye kiganja chake.