Hesabu ya Anguko: Namna ya Kuichambua Hasara Mpaka Fursa Ionekane

Biashara inapoyumba, au mtu anapopoteza kazi aliyoitegemea, watu humtia moyo: vumilia, kuteleza si kuanguka, kila baya na zuri lake. Nia yao ni njema, lakini aliyepata hasara anabaki hajui aanzie wapi kesho asubuhi. Fursa haiji pamoja na hasara kama nyongeza. Huonekana pale mhusika anapokaa chini na kuihesabu hasara yenyewe: nini kimetoka, kwa nini kimetoka, nini kimebaki na kilichobaki kinaweza kumfaa nani. Kazi hii ina utaratibu wake.

Kwanza ziba ufa

Katika siku 3 za mwanzo usifanye uamuzi usioweza kurudishwa. Usiuze mashine, usivunje ubia, usiandike barua ya hasira. Mwenye mshtuko halali vizuri, na asiyelala huona njia mbili tu palipo na tano. Kama jambo halina tarehe ya mwisho kisheria, lisubiri.

Siku hizo zitumie kuhesabu. Chukua karatasi moja uigawe sehemu nne: fedha taslimu zilizopo leo, mkononi na benki, unaowadai, kila mmoja na tarehe yake, wanaokudai, na tarehe zao, na matumizi yasiyokwepeka kila wiki. Kutokana na karatasi hiyo tengeneza jedwali la mtiririko wa fedha la wiki 13, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa kunusuru kampuni zilizoyumba. Kila wiki ina safu moja: fedha za kuanzia, zinazoingia, zinazotoka, zinazobaki.

Jedwali hili huharibika kwa kosa moja kubwa, nalo ni kuandika ahadi kana kwamba ni fedha. Mteja akisema atalipa wiki ya 3, mwandike wiki ya 5. Asiyekupa tarehe usimwandike kabisa. Jedwali la namna hiyo linatisha kidogo kulitazama, lakini halitakudanganya.

Tuseme linaonyesha fedha zitakwisha wiki ya 6. Hapo una wiki 5 za kuzungumza na wanaokudai. Mkopeshaji anayefuatwa kabla ya tarehe ya rejesho huwa na nafasi pana zaidi ya kuongeza muda au kupunguza kiwango kuliko anayefuatwa baada ya marejesho kadhaa kupita, adhabu zikiwa zimeanza kuhesabiwa. Nenda na jedwali lako na utaje kiasi unachoweza kulipa, kuanzia lini. Kuomba "muda kidogo" bila tarakimu humfanya aone hujui hali yako mwenyewe. Wengi huanguka mara ya pili hapa hapa kwa kuchukua mkopo mpya ili kulipa wa zamani: deni linaongezeka, huku hakuna kazi mpya inayolizalishia. Ikibidi kuuza kitu, anza na bidhaa zilizolala ghalani. Kifaa kinachoingiza kipato kila siku kiwe cha mwisho.

Tafuta chanzo, achana na lawama

Usafiri wa anga ndio mfano bora wa kujifunza kutokana na maafa. Ndege ya abiria ya Comet, iliyotengenezwa Uingereza na kuanza safari zake mwaka 1952, ilikuwa ya kwanza duniani kutumia injini za jeti. Mwaka 1954 mbili kati yake zilipasuka zikiwa angani. Wachunguzi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege huko Uingereza, walichukua bodi la ndege ya aina hiyo, wakalizamisha ndani ya tangi la maji, wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo ndani yake tena na tena kama vile inapaa na kutua, mpaka likachanika. Wakaiona kwa macho sababu: uchovu wa metali, yaani metali kudhoofika na kupasuka kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi. Comet iliyoundwa upya ilirudi mwaka 1958, lakini soko lilikuwa limekwenda kwa washindani, ambao nao walijifunza kutokana na uchunguzi ule ule. Tunataja na hilo kwa makusudi, kwa sababu kujua chanzo hakurudishi kila kilichopotea. Hata hivyo asiyekijua chanzo atarudia kosa. Mpaka leo kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinasema lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama.

Kwenye biashara ndogo huhitaji tangi la maji. Mbinu iliyoenezwa na Toyota ya kuuliza "kwa nini" mara 5 inatosha, mradi kila jibu liwe jambo unaloweza kulithibitisha kwa daftari au kwa risiti. Chukua mfano wa karakana ya ushonaji iliyopoteza mteja wa sare aliyekuwa akileta 60 katika kila 100 za mapato yake. Kwa nini kaondoka? Oda ilichelewa siku 9. Kwa nini? Kitambaa kiliisha katikati ya kazi. Kwa nini? Malipo ya awali yalitumika kumalizia oda iliyotangulia. Kwa nini? Oda ile ilikubaliwa kwa bei isiyotosha. Kwa nini? Hakuna anayeandika muda unaotumika kwa kila nguo, hivyo bei hukadiriwa tu.

Angalia swali la kwanza lingeweza kuishia wapi: "mteja hana shukrani." Jibu hilo halina kazi ya kufanya ndani yake. Jibu la tano linayo. Karakana ikianza kupima muda, huenda ikagundua kwamba sare moja huchukua saa 3 na kuacha faida ya 6,000, yaani 2,000 kwa saa, ilhali kupunguza au kurekebisha nguo huchukua dakika 20 na kuacha 1,500, yaani 4,500 kwa saa. Kazi iliyoonekana ya kupitishia muda ndiyo yenye faida zaidi ya mara mbili. Mteja mkubwa asingeondoka, pengine hakuna ambaye angeipima.

Kilichobaki kinamfaa nani?

Sasa andika mabaki yote, hata yale yasiyo na bei: vifaa, ujuzi, orodha ya wateja, uhusiano na wasambazaji, bidhaa iliyokataliwa, data ya mauzo. Mbele ya kila kimoja andika kazi kinayofanya, siyo jina lake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kampuni moja ya Cincinnati, Marekani, ilikuwa ikitengeneza donge laini la kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba nyingi ziliacha makaa ya mawe, masizi yakapungua, soko likafa. Lililobaki lilikuwa donge lisilochafua mikono na linalofinyangika kirahisi. Aliyeliona hivyo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa nje ya kiwanda. Kampuni ikaondoa kemikali ya kusafishia, ikatia rangi na harufu, na katikati ya miaka ya 1950 ikaanza kuliuza kama Play-Doh, kitu cha watoto kuchezea. Kwa hiyo usichambue mabaki peke yako. Waonyeshe watu 5 hadi 10 wasio wa fani yako, uwaulize wangekitumia kila kimoja kwa kazi gani, kisha unyamaze wakujibu.

Ukipata wazo, kumbuka kwamba hadithi kama hiyo inasimuliwa kwa sababu ilifaulu, na yaliyokufa hayana msimulizi. Lijaribu kwa udogo. Kabla ya kuanza andika mambo matatu na uyatie tarehe: kiasi cha juu utakachokubali kupoteza, kwa mfano sehemu 1 ya 10 ya fedha zilizobaki, muda, tuseme wiki 4, na kipimo cha kufaulu, kama vile wateja 10 waliolipa. Sifa si mauzo. Anayesema "wazo zuri" bila kutoa fedha usimhesabu. Tarehe ikifika na kipimo hakijatimia, acha. Fedha uliyokwisha kutumia isiwe sababu ya kuongeza nyingine.

Anguko la mtu binafsi

Kwa aliyepoteza kazi, utaratibu ni ule ule: karatasi ya fedha, chanzo, mabaki. Badala ya cheo chako, orodhesha kazi ulizokuwa ukizifanya kwa vitendo, kama kupanga ratiba ya watu 15, kufuatilia madeni au kutuliza mteja aliyekasirika. Cheo kina mlango kwenye taasisi za aina moja, lakini kufuatilia madeni kunahitajika kila mahali.

Moyo nao una hesabu yake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika kuhusu tukio lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Baada tu ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Ukilijaribu zoezi hili, usilifanye usiku karibu na kulala, na liache kama linakuzidi. Kukosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki 2 ni jambo la kumpelekea mtaalamu wa afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru, muone siku hiyo hiyo.

Na kuna misiba isiyo na fursa. Aliyefiwa au anayeuguza mtoto asiambiwe atafute somo. Mpunguzie kazi, mshikie zamu, mpelekee hesabu zake kwa mkopeshaji.

Ikiwa majaribio yote yamekwama na biashara inafungwa, ifunge kabla fedha za mishahara hazijaisha, na umuone mwanasheria kuhusu nani alipwe kwanza. Daftari la wateja, jedwali la wiki 13 na karatasi ya "kwa nini" mara 5 vihifadhi mahali pamoja, ndani ya bahasha yenye tarehe.