Mzee ana sukari na mapaja yanakwisha: maswali ninayoulizwa sana huku Mtwara

Mimi ni nesi hapa Mtwara mjini, na haipiti wiki mtu hajanisimamisha njiani, nesi mama yangu ana sukari na mwili unazidi kupungua, tufanyeje. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Mama kapimwa asubuhi, kimashine kikasoma 8.2 (mmol/L). Ndo kisukari tayari?

Kama hajala kwa masaa nane, 7.0 kwenda juu inahesabika kisukari, ila asipokuwa na dalili kipimo kimoja hakitoshi, arudie siku nyingine na ikiwezekana atolewe damu ya mshipani maabara. Akipimwa saa yoyote ikawa 11.1 au zaidi, na huku anakojoa sana, kiu haiishi, anakonda, hapo hakuna mjadala. Lakini muulizeni vizuri kama kweli hajala, maana wazee wetu anaweza kuwa keshakunywa chai ya rangi yenye sukari na akakwambia sijatia kitu mdomoni, na wala hadanganyi, kwake chai sio chakula.

Na hiki kipimo cha miezi mitatu?

HbA1c. Sukari inajishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe inaishi kama siku 120, kwaiyo kinaonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. 6.5% au zaidi ni kisukari, 5.7 mpaka 6.4 yuko njiani. Mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu juzijuzi kinaweza kutoa jibu la uongo, mwambieni daktari mapema.

Sasa sukari na misuli vinahusiana nini? Si uzee tu huo?

Hapa ndo nawaomba mnisikilize. Mtu akishakula, sukari nyingi ya kwenye damu inaenda kwenye misuli, hasa ya mapaja na makalio maana ndo mikubwa, na insulini, homoni ya mwili, ndo inayoifungulia mlango. Chukulia ghala la korosho msimu umechanganya, ghala likiwa dogo magunia yanabaki nje. Mzee aliyepungukiwa misuli ndo hivohivo, sukari inakosa pa kwenda inabaki kwenye damu. Na misuli inaanza kupungua kuanzia miaka ya thelathini na kitu, kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, ikishapita 60 inaenda mbio. Kisukari nacho kinaongeza, maana insulini isipofanya kazi vizuri mwili unaanza kuila misuli yake wenyewe. Vinasukumana hivo, na sisi tumekaa tunasema uzee.

Alafu msidanganywe na mzani. Kuna wazee kilo ziko palepale, tumbo lipo, ila miguu imebaki mifupa na ngozi.

Nitajuaje nyumbani?

Mimi nilijua kwa shangazi yangu. Amebangua korosho miaka yote, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya maganda, mkono wake ukikushika unasikia. Siku hiyo kaniletea chupa ya chai, nifungulie mwanangu. Alafu kunyanyuka kwenye mkeka akageuka kwanza akapiga magoti, mkono ukutani, ndo akasimama. Niliumia sana, maana nilikuwa naingia na kutoka pale na sijaona.

Mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano. Ikizidi sekunde 15, au akashindwa bila kujishika, misuli imepungua nguvu. Pia mpimie mita nne atembee mwendo wake wa kawaida, akichukua sekunde tano au zaidi ni dalili mbaya.

Tumemkataza ugali wa muhogo, ming'oko (viazi vya porini), mpaka mabibo ya mkorosho. Anakula mboga tu. Tumefanya vizuri?

Hapana, na hili nalikuta nyumba nyingi, watu wanampenda mzee wao huku wanamnyima chakula. Ugali punguzeni uwe wa kiasi cha ngumi yake, ming'oko na muhogo vivyohivyo, ila kitoweo ongezeni. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwaiyo wa kilo 50 ni gramu 50 mpaka 60. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, yai moja 6, na kunde, choroko, mbaazi tunazo kibao huku Kusini. Agawiwe asubuhi, mchana na jioni, sio yote usiku. Mwenye shida ya figo aulize daktari kwanza.

Na mazoezi kwa mtu wa miaka 70?

Hicho kiti cha kumpimia ndo zoezi lenyewe. Asimame akae mara nane mpaka kumi, apumzike, arudie, mara mbili tatu kwa wiki, na mtu awe karibu. Kutembea baada ya kula nako kunashusha sukari.

Usiku anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Sukari imepanda?

Mara nyingi imeshuka, hasa akiwa anameza dawa za kushusha sukari kama glibenklamidi na jioni hakula. Pima, ikiwa chini ya 4, au huna kimashine, mpe vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akizimia usimtilie kitu mdomoni, mlaze ubavu mkimbilie hospitali. Na mkifika mwambieni daktari kuwa mzee amedhoofika, kwa mtu kama huyo HbA1c chini ya 8% inaweza kumtosha, na dozi inaweza kupunguzwa.