Hilda Solis na sheria fupi ya haki ya mazingira

Neno mazingira likitajwa, wengi wetu huona kwanza msitu, wanyama na mikoko. Katika kazi ya mwanasiasa wa Kalifornia, Hilda Solis, mazingira ni udongo wa uani anapochezea mtoto, maji ya bomba, na moshi wa kiwanda cha mtaa wa pili.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1957 akakulia La Puente, katika bonde la San Gabriel, mtoto wa 3 kati ya 7. Baba yake, mhamiaji kutoka Meksiko, alifanya kazi katika kiwanda cha kurejeleza betri na kuwatetea wenzake katika chama cha wafanyakazi. Mama, kutoka Nikaragua, aliunganisha vidude vya kuchezea watoto kiwandani. Karibu na mji wao kulikuwa na dampo la Puente Hills, lililorundikwa hadi likawa kilima cha karibu mita 150. Maji ya chini ya ardhi ya bonde hilo yalichafuliwa na kemikali za viwandani kiasi kwamba mwaka 1984 serikali ya shirikisho iliyaweka kwenye orodha yake ya maeneo ya kusafishwa sumu.

Shuleni mshauri mmoja alimwona anafaa ukatibu muhtasi, si chuo. Alipata shahada katika chuo kikuu cha Cal Poly Pomona mwaka 1979, na ya uzamili katika utawala wa umma Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1981. Aliingia siasa kwa mlango mdogo: bodi ya chuo cha Rio Hondo mwaka 1985. Mwaka 1992 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, na 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa asili ya Amerika ya Kilatini katika Seneti ya Kalifornia. Gavana Pete Wilson alipokataa kuupandisha mshahara wa kima cha chini, Solis alichota dola 50,000 za akaunti yake ya kampeni kuanzisha kura ya wananchi. Mwaka 1996 ilipita, na mshahara ukapanda kutoka dola 4.25 hadi 5.75 kwa saa, kwa awamu 2.

Muswada namba 115 wa Seneti, uliotiwa saini na Gavana Gray Davis mwaka 1999, ndio uliomjengea jina. Kalifornia ikawa jimbo la kwanza Marekani kuiandika maana ya haki ya mazingira katika sheria: watu wa rangi, tamaduni na vipato vyote watendewe kwa usawa pale sheria, kanuni na sera za mazingira zinapotungwa na kutekelezwa. Ofisi ya mipango ya gavana ilipewa kazi ya kuratibu, na wakala wa mazingira wa jimbo ukaagizwa kuingiza jambo hilo katika shughuli zake. Mwaka 2000 Solis akawa mwanamke wa kwanza kupokea tuzo ya ujasiri inayotolewa kwa jina la John F. Kennedy.

Tuseme ukweli: sheria ile haikuwa na meno. Haikutenga fedha, haikuweka adhabu, wala haikusema mtaa upi umeonewa na kwa kipimo gani. Thamani yake ilikuwa kwamba waliofuata walipata mahali pa kushikilia. Mwaka 2012 sheria nyingine iliamuru angalau asilimia 25 ya fedha zitokanazo na mnada wa vibali ambavyo viwanda hununua ili kutoa hewa ukaa zinufaishe mitaa iliyoelemewa. Sasa ikabidi mitaa hiyo itambuliwe, na mwaka 2013 ikatoka ramani iitwayo CalEnviroScreen.

Ramani hiyo inafaa kueleweka na yeyote anayepanga kupima uonevu wa aina hii. Toleo la 4.0 hutumia viashiria 21 kwa kila eneo dogo la sensa. Vingine hupima uchafuzi, kama vumbi laini, moshi wa dizeli na dawa za mashambani. Vingine huwatazama watu wenyewe, kama pumu, uzito mdogo wa watoto wanaozaliwa, umaskini na ukosefu wa ajira. Kila kundi hupata alama hadi 10, kisha alama huzidishwa, hazijumlishwi. Eneo lenye uchafuzi 8 na udhaifu wa watu 9 hupata 72. Lenye uchafuzi uleule 8 lakini udhaifu 3 hupata 24. Moshi ni mmoja, mapafu siyo. Kasoro yake ni kwamba ni mashindano: eneo likipitwa na mengine yaliyoharibika zaidi, laweza kutoka kwenye orodha ya fedha bila hewa yake kuwa safi hata kidogo.

Katika Bunge la Marekani, alikokaa tangu 2001 hadi 2009, Solis alishiriki kuandika sheria ya 2007 ya kufundisha watu kazi za nishati safi, yenye kikomo cha dola milioni 125 kwa mwaka. Lakini kuidhinisha si kutoa. Fedha nyingi, dola milioni 500, zilikuja na mpango wa kuokoa uchumi wa 2009, siku chache kabla hajathibitishwa kuwa Waziri wa Kazi wa Rais Obama.

Desemba 2014 alirudi nyumbani kama mmoja wa wasimamizi 5 wa Kaunti ya Los Angeles. Katika mji wa Vernon, ndani ya kaunti hiyo, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kimefanya kazi zaidi ya miaka 30 kwa kibali cha muda. Kilifungwa 2015, kikiacha vumbi la risasi, yaani metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, katika viwanja vipatavyo 10,000. Risasi haiozi wala haipeperuki ikaisha. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na mtoto huimeza kwa mikono. Dawa ni kuchimba udongo huo, kuubeba na kuleta mwingine. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua sumu hii kutoka kiwanda cha aina hiyohiyo, na kesi yao ya fidia imefika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya.

Dampo la Puente Hills nalo lilifungwa Oktoba 2013, na kaunti inaligeuza bustani ya umma. Kupanda nyasi ndiyo kazi nyepesi. Taka zinazooza hutoa gesi ya methani kwa miongo mingi, kwa hiyo mabomba ya kuivuta lazima yaendelee kufanya kazi chini ya njia za kutembelea; na kwa kuwa ardhi hudidimia pasipo usawa, jengo zito haliwezi kuwekwa juu yake.