Dar–Mwanza kwa ndege sio kilomita 1,100 jamani

Wengi mnachukua kilomita za basi, zile zaidi ya 1,100 za kupitia Moro, Dodoma, Singida na Shinyanga, mnagawanya kwa spidi ya ndege mnapata muda. Hapana, ndege haifuati lami! Piga rula kwenye ramani uone, mstari unakatiza juu kule maeneo ya Kondoa, Dodoma mjini haufiki kabisa, na ni kama kilomita 850 tu. Sasa mbona tiketi inaandika muda mrefu hivyo, safari ya kama saa moja na nusu? Kwa sababu muda huo unahesabiwa ndege inapotoka ilipopaki mpaka inapopaki tena, kwahiyo kutambaa kwenda ranwei, kusubiri zamu, ndege kupanda angani na kushuka taratibu vyote vimo humo, na ukipangiwa ya pangaboi badala ya jeti basi inachukua muda zaidi.