Kutazama jaribio si kulifanya: dhana potofu kuhusu sayansi ya mtandaoni

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa Tabata alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kuona orodha ya vifaa niliyompa mwanawe wa kidato cha tatu: uzi wa mita moja na nusu, nati mbili za ukubwa tofauti kutoka kwa fundi wa bodaboda, rula, na simu yenye saa ya kupimia sekunde. "Shikamoo mwalimu," alianza kwa upole, "kwa nini usituwekee tu video ya hilo jaribio, mtoto ataiangalia jioni akitulia?" Nimeusikia ushauri huo, kwa maneno yanayokaribiana mno, tangu shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 na wengi wetu hapa Dar es Salaam tukajikuta tunafundisha kwa simu. Wakati ule niliuvumilia, kwa kuwa hata sisi walimu tulikuwa tunapapasa gizani. Sasa uvumilivu umenipungua.

Dhana: Mwanafunzi akitazama video ya jaribio, jaribio amelifanya.

Hajalifanya. Amemtazama mtu mwingine akilifanya, tena mtu aliyekwisha kuyaondoa makosa yote kabla ya kurekodi, ilhali sehemu kubwa ya somo imo katika makosa hayo. Chukua pendulumu. Nati hufungwa kwenye uzi, uzi ukaning'inizwa kwenye nondo ya dirisha, urefu ukapimwa kuanzia pale uzi uliposhikwa hadi katikati ya nati, kisha nati ikavutwa kidogo pembeni na kuachiwa. Uzi ukiwa na urefu wa mita 1, mibembeo 20 ya kwenda na kurudi huchukua takribani sekunde 40. Hata hivyo, karibu kila ninapofundisha mada hii, wapo wanaoleta sekunde 38, na wanaapa kwamba uzi wameupima mara mbili na saa haina hitilafu.

Hapo humwomba mmoja wao afungue maikrofoni, aiachie nati na ahesabu kwa sauti. Darasa zima humsikia: anaachia, anasema "moja". Mbembeo wa kwanza haujakamilika, yeye keshauhesabu. Alichopima ni mibembeo 19, na akiendelea kukokotoa mchapuko (ongezeko la kasi) unaotokana na mvutano wa dunia akidhani ni 20, atapata karibu 10.9 m/s² badala ya 9.8. Video haiwezi kumfichulia kosa hilo, kwa sababu anayehesabu kwenye video si yeye. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wamenitania kwao hadi kunibandika jina la Mwalimu Sifuri, ni kwamba unapoiachia nati useme "sifuri". (Na uzime feni. Nimewahi kupoteza robo saa nikitafuta sababu ya mibembeo iliyopinda, kumbe feni ya darini ilikuwa inaipuliza nati muda wote.)

Jambo la pili ambalo video hulinyang'anya darasa ni ubashiri. Kabla ya kugusa uzi, kila mwanafunzi wangu huandika kwenye daftari anachotarajia, akalipiga picha na kuituma, na baada ya hapo haruhusiwi kufuta. Nauliza: nati kubwa na nati ndogo, zikining'inia kwenye uzi wenye urefu uleule, ipi itabembea haraka zaidi? Wengi huandika kwamba ni ile kubwa, nao ni walewale wanaoweza kuikariri, kwa Kiingereza safi cha kitabuni, sentensi isemayo kwamba uzito hauhusiki. Sentensi ilikuwa mdomoni tu. Kisha nauliza itakuwaje uzi ukifupishwa kutoka mita 1 hadi sentimita 25. Wanaandika sekunde 10, kwa kuwa urefu umekuwa robo. Wanapima, saa inasoma 20. Kimya kinachofuata hapo ndicho ninachokifundishia, maana ni wakati huo pekee ambapo kipeuo cha pili kilichojificha kwenye kanuni ya pendulumu huonekana kuwa na kazi: urefu ukiwa robo, muda huwa nusu.

Sina ugomvi na skrini, ila nina ugomvi na mpangilio. Majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwaka mmoja baada ya yeye kushiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia, nayatumia sana, na baadhi yake yamo katika Kiswahili. Humo mwanafunzi anaweza kuipeleka pendulumu kwenye Mwezi au Jupiter, safari ambayo dirisha la Tabata haliiwezi. Lakini anakwenda huko akiwa na jedwali lake mwenyewe mkononi, baada ya uzi halisi, wala si badala yake.

Dhana: Bila kompyuta na intaneti ya kasi, haiwezekani.

Inawezekana. Mengi ya majaribio hayo ya PhET hupakuliwa mara moja, kisha yakatumika bila mtandao. Kinachokausha bando ni kamera za watu thelathini wanaotazamana, na kwa hiyo katika darasa langu kamera huzimwa, sauti hubaki, na picha moja ya jedwali lililoandikwa kwa mkono huniambia mengi kuliko nyuso zote hizo.

Dhana: Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, hawahitaji kuelekezwa.

Wanajua kuperuzi. Kuchora jedwali lenye vizio, au kupiga picha ya rula bila kuiinamisha simu, hufundishwa.

Dhana: Basi maabara haina kazi tena.

Hii hutoka kwa wale wanaonikubalia kupita kiasi. Karatasi ya vitendo ya mtihani wa kidato cha nne hufanywa kwa vifaa halisi, na kulifungua koki la bureti, bomba la kioo la kupimia vimiminika, tone kwa tone hadi rangi ibadilike ni ustadi wa vidole. Mwanafunzi wangu wa kemia asiyepata maabara shuleni namhimiza aitafute mapema, asingoje miezi ya mwisho.

Dhana: Vitu vya jikoni havina madhara.

Jaribio la viashiria, yaani vitu vinavyobadilika rangi kwenye asidi au besi, nyumbani tunalifanya kwa choya: maji yake mekundu hubaki mekundu yakitiwa limau, na yakitiwa magadi hubadilika kuelekea zambarau na hatimaye kijani. Ni jaribio zuri na salama, na kwa sababu hiyohiyo mtoto hushawishika kujaribu kila kilichomo kabatini. Jiki ikichanganywa na asidi, iwe ya limau, ya siki au ya dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Katazo la kuvichanganya nalisoma kwa sauti kabla ya kila jaribio la kemia, kila mwanafunzi akalirudia kwa maandishi, na asiyelirudia haendelei na somo siku hiyo.