Nusu desibeli imekwenda wapi?

Ukitaja usalama wa mtandao, wengi wanamwaza kijana aliyejifungia chumbani na kompyuta. Mimi nawaza jembe. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, waliotuangusha mara nyingi zaidi ni wachimba mitaro ya maji, greda la barabara, na mwizi aliyekata waya akitafuta shaba akaambulia vioo. Lakini faiba ikikatika haina siri: skrini zinawaka nyekundu, simu zinaita, gari linatoka. Inayoninyima usingizi ni ile ambayo haijakatika.

Usiku mmoja nikiwa zamu niliona mwanga unaopokelewa kwenye kipande kimoja cha njia yetu umeshuka kwa desibeli 0.6 tangu saa tisa alasiri. Hakuna huduma iliyoyumba, hakuna mteja aliyelalamika. Kengele nayo ilikaa kimya, maana tulikuwa tumeitega ilie mwanga ukishuka kwa desibeli 3, yaani mpaka nusu yake ipotee. Niliona kwa sababu tu nina kawaida ya kupitia grafu za wiki nzima huku nakunywa chai. Desibeli 0.6 ni kama asilimia 13 ya mwanga. Mwanga hauvukizi kama maji. Ulikuwa umekwenda mahali.

Faiba ya kawaida hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kila kilomita kwenye wimbi la nanomita 1550. Kipande cha kilomita 80 kitakula kama 16, uongeze kidogo kwa kila mahali ilipochomelewa na kila kiunganishi. Hesabu hiyo hupimwa na kuandikwa siku njia inapokabidhiwa. Nimeona timu zinaifungia kabatini na kuisahau, halafu miaka miwili baadaye wanabishana kama kipimo cha leo ni kibaya au ndivyo kilivyokuwa siku zote.

Asubuhi tulihamishia huduma njia ya akiba tukafunga OTDR, kipimo cha faiba. Kifaa hiki hurusha mipigo mifupi ya leza, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya kioo. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita ya umbali ni mikrosekunde 10 za kwenda na kurudi, na kifaa kinakwambia tatizo liko kilomita ya ngapi. Tulipima kwa mawimbi mawili. Kwenye nanomita 1310 mstari wa kipimo ulikuwa karibu umenyooka. Kwenye 1550 kulikuwa na ngazi dhahiri. Hapo fundi yeyote mzoefu anajua. Mchomeleo mbaya huonekana kwenye mawimbi yote mawili karibu sawasawa. Kinachoonekana kwenye wimbi refu na kujificha kwenye fupi ni mkunjo: faiba imepindwa mahali, na mwanga unavuja ubavuni.

Ilikuwa kwenye chemba, shimo la chini ya ardhi ambamo nyuzi huunganishwa. Mtu alikuwa ameifungua mchana ule kuunganisha mteja mpya, na wakati wa kurudisha trei ya nyuzi akabana uzi mmoja chini ya kifuniko. Kosa la kawaida, dakika kumi likaisha. Ila nilimuuliza mwenzangu swali ambalo hakulipenda: kama angekuwa mtu mwenye nia mbaya, grafu ingeonekanaje? Hivyo hivyo.

Kwenye mkoba wangu nina kifaa kama koleo ambacho mafundi hutumia kujua faiba ipi ina mawasiliano kabla ya kukata. Kinaikunja kidogo, mwanga kiasi unavuja, kinausoma. Huduma inaendelea kama kawaida. Kunasa mawasiliano ya faiba ni kazi ya namna hiyohiyo, kwa vifaa bora na subira zaidi. Na si hadithi: mwaka 2013 nyaraka alizotoa Edward Snowden zilionyesha jinsi shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, lilivyochota data kutoka mikongo ya baharini katika mradi wa Tempora.

Tangu siku ile kengele zetu zinalia kwenye desibeli 0.5, na kila chemba ikifunguliwa kuna jina na saa kwenye daftari. Kengele za bure zimeongezeka, nakiri, na wa zamu wananinung'unikia. Kwa njia zinazobeba mawasiliano ya benki tunasimba data, yaani kuigeuza fumbo lisilosomeka bila ufunguo, kwa mbinu ya AES-256 palepale kwenye kadi ya kurushia mwanga, ili anayenasa aambulie uchafu. Faiba za majumbani za kiwango cha GPON, ambapo uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi, zina kasoro yake: kinachoshuka kwenda kwa wateja kinafika kwa wote mlio kwenye kigawanyo kimoja, ndiyo maana kinasimbwa kwa AES-128, lakini kinachopanda kutoka kwa mteja, GPON inakiacha wazi.

Haya yote ni bure kama mlango wa nyuma hauna komeo. Amplifaya, yaani vikuza mwanga, na swichi za mwanga zina mtandao wao wa usimamizi, na niliwahi kupokea mfumo mzima ambao nywila yake ilikuwa ileile iliyotoka kiwandani. Mwenye nywila hiyo hahitaji kukunja faiba chembani; anazima leza akiwa kitandani. Mtandao huo utengwe na ule wa ofisini, na anayeingia aingie kwa jina lake mwenyewe.

Kisha njia ya akiba. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yote miwili inayotua Dar es Salaam, ilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kwenye karatasi ilikuwa mikongo miwili tofauti. Baada ya hapo nilichukua ramani yetu ya nchi kavu na kuitembelea kwa miguu, njia kuu na ya akiba, mtaa kwa mtaa. Kwenye mchoro zimeachana kilomita kadhaa. Pale mtoni zote mbili zimefungwa kwenye daraja moja, upande mmoja, kwa vibano vya chuma vilivyoanza kushika kutu.