Mtazamo wa mjasiriamali: maana yake, na jinsi unavyozaa ubunifu katika masoko yanayoinukia

Mtazamo wa mjasiriamali ni namna mfanyabiashara alivyozoea kuyasoma mazingira yake na kuamua: anaangalia nini kwanza, yuko tayari kupoteza kiasi gani, na anafanya nini mambo yakienda tofauti na alivyopanga. Kwenye semina za hamasa dhana hii huelezwa kama kujiamini au kuwaza makubwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapopotoshwa. Mtu anaweza kujiamini sana na bado akafungua duka linalouza bidhaa zilezile za majirani zake watano, kwa bei ileile. Mtazamo huonekana katika maamuzi.

Jina "masoko yanayoinukia" lilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael, mchumi aliyekuwa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi. Alitaka jina ambalo lingewavutia wawekezaji kuliko "ulimwengu wa tatu". Kwa mjasiriamali, jambo la kushika ni hili: katika masoko hayo wateja ni wengi, lakini kipato chao huja kidogo kidogo na bila ratiba, na huduma ambazo kwingine huchukuliwa kuwa zipo tu, kama benki, umeme au anwani ya nyumba, hazijawafikia wote. Anayeliona pengo hilo kama sababu ya kutofanya biashara huondoka. Anayejiuliza watu wanalizibaje pengo hilo kwa sasa, na wanatumia fedha kiasi gani kuliziba, tayari ameanza kubuni.

Je, mtazamo unafundishika, au mtu huzaliwa nao? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Lomé, Togo. Kuanzia mwaka 2014 watafiti, akiwemo mwanasaikolojia Michael Frese, waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La pili lilifundishwa kujituma: kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kutafuta fursa kabla wengine hawajaiona, kujitofautisha na jirani, kutokata tamaa kikwazo kinapotokea. La tatu halikupewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Waliofundishwa kujituma waliongeza faida kwa asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofundishwa. Waliofundishwa hesabu na masoko waliongeza asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikutosha kuthibitisha kuwa mafunzo ndiyo yaliyoleta tofauti. Kundi la kujituma pia ndilo lililoleta bidhaa mpya zaidi. Sisemi kutunza daftari la mauzo hakuna maana. Lakini daftari hukuonyesha jana uliuza nini. Halikwambii kesho uuze kitu gani ambacho mtaa mzima haujakifikiria.

Mtazamo huonekana wazi zaidi pale mteja anapofanya jambo ambalo mwenye biashara hakulitarajia. M-Pesa ilifanyiwa majaribio nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, na wakati huo haikukusudiwa kuwa huduma tuliyoizoea leo. Vodafone na Safaricom, zikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, zilitaka wakopaji wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wa majaribio wakaipeleka kwingine. Walitumiana fedha wao kwa wao, walilipana katika biashara, na wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Kwa mtu aliyeshikilia mpango wake, hayo yangekuwa matumizi mabaya ya mfumo na yangezibwa. Waliokuwa wakiiendesha waliyachukua kuwa taarifa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, urejeshaji wa mikopo uliwekwa kando na ujumbe kwa umma ukawa mfupi: tuma pesa nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja wateja walikuwa wamevuka milioni.

Tazama pia kwamba watu walikuwa wakituma pesa nyumbani tangu zamani, kwa dereva wa basi, kwa ndugu anayesafiri, hata kwa vocha ya simu. Hitaji lilikuwepo, na gharama yake wateja walikuwa wanailipa. Nick Hughes, mmoja wa walioiasisi M-Pesa akiwa Vodafone, aliitumia njia hiyohiyo ya kufikiri alipoanzisha M-KOPA, kampuni ya kuuza mitambo ya sola kwa mkopo, pamoja na wenzake. Kaya nyingi zisizo na umeme zilinunua mafuta ya taa kila siku, kwa hiyo fedha ya mwanga ilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kulipia mtambo wa sola kwa mkupuo. Wakaweka malipo ya awali, kisha takriban shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa mwaka mmoja kupitia simu, na laini ya simu ndani ya mtambo iliyouzima malipo yalipokoma. Paneli haikuwa uvumbuzi wao, wala balbu. Ubunifu wao ulikuwa katika utaratibu wa kulipa. Mnunuzi wa mkopo hulipa jumla kubwa kuliko wa taslimu, na ni haki aelezwe hilo waziwazi kabla ya kusaini.

Ndiyo maana napinga mazoea ya kuhesabu ubunifu kwa mashine na programu za simu peke yake. Mwaka 1983 nchini India, C. K. Ranganathan alianza na rupia 15,000 kuuza shampuu kwa pakiti ndogo za kuoshea mara moja, na wanavijiji ambao hawakuwahi kununua chupa wakawa wateja. Mama anayepima mafuta ya kula kwa kikombe, au unga kwa robo kilo, anafanya kazi ya jamii hiyohiyo: anaikata bidhaa ilingane na fedha iliyopo mkononi mwa mteja leo.

Saras Sarasvathy, msomi mwenye asili ya India, aliwachunguza wajasiriamali 27 wazoefu akaona hawaanzi kwa kukisia watapata faida kiasi gani. Huanza na walichonacho: wao ni nani, wanajua nini, wanamfahamu nani. Kisha hujiuliza wanaweza kupoteza kiasi gani bila kuanguka. Swali hilo la pili nalithamini sana mahali ambapo mtaji wa duka na ada ya mtoto hutoka mfuko mmoja. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo athubutu tu. Unaweza kumsaidia ajaribu kwa kiasi kidogo: debe moja kabla ya gunia, wateja kumi kabla ya kukodi fremu.

Mtazamo pia haufanyi kazi peke yake, na kumlaumu mfanyabiashara mdogo kwamba "hana mtazamo" wakati hana mkopo, hana umeme na anafukuzwa barabarani ni dhuluma. M-Pesa yenyewe ilihitaji Benki Kuu ya Kenya iliyokubali ianze mwaka 2007 kwa masharti na uangalizi, ilhali Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2011. Afisa aliyesoma maombi yale angeweza kusema hakuna sheria, kwa hiyo hapana.